Ukishamjua aliyetia sumu, bado unasoma nini?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Njombe. Nimezoea riwaya za upelelezi, na rafiki yangu ameniazima We Have Always Lived in the Castle ya Shirley Jackson akiniambia ni kitabu cha taharuki, kimejaa mambo ya akilini mwa watu. Nimefika katikati, pale binamu yao Charles anapokuja kukaa nyumbani kwao. Tatizo ni kwamba naamini nilishamjua aliyewalisha watu sumu tangu sura ya pili. Mpelelezi hakuna, polisi hawaonekani, na binti anayesimulia muda wote yuko na paka wake na kuzika vitu ardhini. Je, nakisoma vibaya? Na mbona wanakijiji wanawachukia hivi wasichana hawa wakati mahakama ilishamwachia dada mtu? Rafiki yangu anasema niangalie filamu tu yaishe.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hukisomi vibaya hata kidogo. Unakisoma vizuri, na ndiyo maana kinakusumbua.

Nianze na hilo la muuaji. Jina ulilonalo kichwani sitalithibitisha wala kulikanusha hapa, kwa kuwa wapo watakaosoma jibu hili kabla ya kukigusa kitabu. Ila angalia Jackson alivyofanya katika sura ya pili. Amekuandalia meza yote: nani alikula, nani alionja kidogo, nani hakutia sukari, nani alinyimwa chakula usiku ule akapelekwa kulala. Mwandishi anayetaka kukuficha muuaji hadi ukurasa wa mwisho hafanyi hivyo. Angekuletea mtunza bustani mwenye deni, ndugu anayesubiri urithi, mgeni aliyeonekana getini usiku wa manane. Jackson hakuleta hata mmoja wa watu hao. Amekupa orodha fupi kiasi kwamba msomaji makini ni lazima aone.

Kinachokupa shida ni mazoea, na mazoea yenyewe ni mazuri. Wengi wetu tuliingia kwenye fasihi ya uhalifu kupitia Bwana Msa, tangu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Mle ndani kuna mtu mmoja mwenye kiko na akili kali, anauliza, anapima, anakaa kimya, halafu mwishoni anafumbua fumbo mbele ya watu waliokuwa gizani. Msomaji anajua makubaliano: nivumilie, nitaambiwa. Riwaya za taharuki ya kisaikolojia zina makubaliano mengine kabisa. Humo mara nyingi watu hawako gizani. Jibu wanalo, au wanadhani wanalo, na wameamua kuishi nalo. Kwa hiyo ukikifungua tena kitabu chako leo jioni, swali la kwenda nalo ni hili: nani anajua nini, amekijua tangu lini, na kukijua kunamgharimu nini kila siku anapoamka na kuchemsha chai?

Kwa ajili ya wengine, nieleze hali ilivyo. Familia ya Blackwood ina nyumba kubwa pembeni mwa kijiji kisichotajwa jina, ambacho wasomaji wengi hukiona kuwa ni cha New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, mahali Jackson alipoishi. Miaka 6 kabla ya hadithi kuanza, wakati wa chakula cha usiku, aseniki iliwekwa kwenye bakuli la sukari, na sukari hiyo ikanyunyizwa juu ya matunda madogo meusi. Walikufa baba, mama, mtoto wa kiume Thomas, na mke wa ami yao. Ami mwenyewe, Julian, alitumia sukari kidogo akanusurika, lakini tangu siku hiyo ni mtu wa kiti cha magurudumu, na akili yake huja na kwenda. Constance, binti mkubwa, ndiye aliyepika, na yeye hakutia sukari, alishtakiwa, akaachiwa. Mary Katherine, wanayemwita Merricat, alikuwa na miaka 12, na usiku ule alikuwa amepelekwa chumbani bila kula. Sasa ana miaka 18, na ndiye anayetusimulia. Wote watatu waliobaki wanaishi nyumba moja, na Constance hajavuka bustani yake kwa miaka yote 6.

Kuhusu sumu yenyewe niseme kidogo, kwa sababu vijana hudhani Jackson alibuni tu. Aseniki nyeupe ni unga usio na harufu na karibu hauna ladha, na ukiuweka kando ya sukari ya unga, jicho halitofautishi. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1851 ya kulazimisha aseniki inayouzwa kwa vipimo vidogo ichanganywe na masizi au rangi ya nili ili mtu asiile kwa bahati mbaya. Sheria haikutosha. Mwaka 1858 kule Bradford, peremende zilizochanganywa na aseniki kwa makosa ziliua watu wapatao 20 na kuwafanya wengine zaidi ya 200 waugue. Sumu hii ilizoeleka majumbani kwa ajili ya panya, kama ilivyokuwa kwa akina Blackwood. Jackson alichagua sumu inayokaa jikoni, kwenye kitu kitamu ambacho mtu anajihudumia kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa turudi kwa msimulizi, kwa sababu kazi kubwa iko kwake. Merricat anazungumza kwa sentensi fupi, safi, za mtoto mwenye adabu. Msomaji wa lugha ya pili hufurahi, anasema afadhali Kiingereza chepesi. Hapo ndipo anapoteleza, kwa sababu urahisi wa sentensi anauchukua kama ushahidi kwamba hakuna kinachofichwa. Soma tena ukurasa wa kwanza. Katika aya moja anakutajia umri wake, anakuambia angeweza kuzaliwa mnyama wa kutisha kwa namna vidole vyake vilivyo, anataja anavyovipenda, na kati ya vitu hivyo ni dada yake na uyoga wenye sumu kali, kisha anasema kwamba wengine wote wa familia wamekufa. Hasimami. Haelezi. Anapita kama anayetaja bei za sokoni. Ukiona msimulizi anaweka dada, uyoga wa sumu na makaburi ndani ya pumzi moja bila sauti kubadilika, jua kwamba sauti hiyo ndiyo jambo lenyewe la kuchunguza.

Mara tu baada ya hapo anataja vitabu vya maktaba vilivyo kwenye rafu ya jikoni, vilivyopitisha tarehe ya kurudishwa kwa zaidi ya miezi 5. Wengi huruka sentensi hiyo. Wewe simama. Binti huyu alikuwa akienda kijijini kila Jumanne na Ijumaa, na maktaba ilikuwa kituo chake. Kwa nini vitabu havijarudi? Maana yake ni kwamba anaposimulia, safari hizo zimeshakoma, na kuna jambo limetokea ambalo bado hatujaambiwa. Hiyo ndiyo taharuki ya Jackson: tarehe ya maktaba iliyopita, imetajwa kama habari ya nyumbani tu.

Halafu kuna neno moja ambalo nataka ulipigie mstari kwa penseli kila ukikutana nalo. Merricat husema kwamba haruhusiwi. Haruhusiwi kushika visu. Haruhusiwi kuandaa chakula, wala kuchuma uyoga, ingawa anaweza kubeba mboga kutoka bustanini. Haruhusiwi kuingia chumbani kwa ami Julian. Anasema hivyo bila kinyongo, na hamtaji aliyeweka katazo. Nyumba ina watu watatu tu: mmoja ni mgonjwa ambaye kumbukumbu yake inamtoroka, mwingine ni huyu binti mwenyewe. Amebaki Constance, yule mpole anayetabasamu, anayeoka keki, ambaye hukumsikia hata siku moja akimshutumu mtu. Katazo kama hilo laweza kuwa na sababu zaidi ya moja, nami sisemi ni ipi. Lakini nyumba ambayo mtu mzima wa miaka 18 haruhusiwi kugusa chakula ni nyumba ambamo mtu fulani aliwahi kukaa chini, peke yake, akafikiri, akaamua. Uamuzi huo hatuonyeshwi. Tunaona matunda yake tu, mezani, kila mlo.

Umesema anazika vitu ardhini na hukuona umuhimu wake. Anazika sarafu za fedha, amepigilia kitabu kwenye mti, amechagua maneno matatu ambayo anaamini hakuna baya litakalotokea mradi hayajatamkwa. Sisi huku tutasema mara moja kwamba anaizindika nyumba, na hatutakuwa tumekosea sana. Ila msomaji wa kwetu ana hatari ya kwenda mbali zaidi, akaanza kutafuta uchawi, akingoja jini litokee nyuma ya mti. Halitokei. Mambo haya yasome kama hesabu ya mtoto anayeogopa mabadiliko. Familia yake ilikufa akiwa na miaka 12, na kwa namna anavyofikiri, anavyocheza, anavyomng'ang'ania dada yake, ni kama umri wake ulisimama pale. Kila kinachozikwa kinataka kusema: kesho iwe kama leo. Kwa hiyo kile kitabu kinapodondoka kutoka mtini na Charles akaingia, wewe unaona mgeni amefika, yeye anaona ukuta umebomoka. Kama uliwahi kusoma Kichwamaji cha Kezilahabi, unajua tayari ilivyo kukaa kitabu kizima ndani ya kichwa cha mtu mmoja kama Kazimoto, huna dirisha jingine la kuchungulia. Hapa ni hivyo hivyo, isipokuwa kichwa hiki kinakukaribisha kwa ukarimu zaidi.

Tukiwa bado kwenye ukarimu, naomba urudi kwenye ile chai ya sura ya pili, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote na nadhani uliipita mbio. Helen Clarke, rafiki wa familia, huja kunywa chai kila Ijumaa. Siku hiyo amemleta mwenzake, Bi Wright. Bi Wright anatetemeka kwa hofu, na anatetemeka pia kwa hamu. Anataka kuiona ile meza. Anataka kusikia nani alikaa wapi. Helen anamkanya, naye anaomba radhi, kisha anauliza tena. Ami Julian, kwa upande wake, hajapata msikilizaji mzuri namna hii kwa muda mrefu. Anafurahi, anamwonyesha chumba cha kulia, anamsimulia kama mwenyeji anayetembeza watalii. Ndipo yanapotoka mambo mawili ambayo kesi nzima imesimama juu yake: kwamba Constance aliliosha lile bakuli la sukari kabla ya polisi kulichukua, akisema kulikuwa na buibui ndani, na kwamba aliwaambia polisi wale watu walistahili kufa.

Jiulize sasa. Mtu asiye na hatia anaosha bakuli kwa nini? Kuna majibu matatu hivi. Labda kweli aliona buibui. Labda anajiokoa. Labda anamwokoa mwingine. Bi Wright analo jibu moja tu kichwani, na kijiji kizima kiko naye. Katikati ya yote haya chai inamiminwa, na Merricat anamgeukia mgeni na kumkaribisha sukari. Anatuambia kwamba hakuweza kujizuia, na isitoshe ni adabu. Sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo mgeni hawezi kukaa dakika tano bila kuulizwa vijiko vingapi, tunaisikia ile sentensi hadi mgongoni. Hakuna damu, hakuna kisu, hakuna mlango unaogonga. Kuna bakuli la sukari na binti mwenye adabu, na mama mmoja anayeangalia kikombe chake.

Kuhusu ami Julian, wengi humchukulia kama mzee wa kuchekesha mwenye makaratasi yake. Anaandika kila kitu alichokumbuka kuhusu ile siku ya mwisho, na kuna asubuhi anazomuuliza Constance kama kweli ilitokea. Mtazame kwa makini zaidi. Fuatilia ni nani anayezungumza naye na ni nani hamsemeshi. Sitaongeza neno, ila ukirudi nyuma na kuhesabu, utapata kitu ambacho kinabadilisha joto la chumba kile.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito: kwa nini kijiji kinawachukia wakati mahakama imemwachia Constance. Mahakama ilisema haikuridhika kwamba ni yeye. Haikusema ni nani. Watu wanne wamekufa, sumu haikutembea yenyewe hadi mezani, na faili limefungwa bila jina la mtu. Mji mkubwa ungesahau baada ya mwaka. Magazeti yangepata kesi nyingine, wapangaji wapya wangehamia mtaani. Kijiji hakina pa kulipeleka jambo kama hilo. Muuza duka anayemhudumia Merricat ni yule yule aliyesoma habari za kesi, na wanaume wanaokunywa kahawa kwenye mkahawa wa Stella wamekaa kwenye viti vile vile. Kwa hiyo watu wakatoa hukumu yao wenyewe na wanaitekeleza kidogo kidogo: duka linakuwa kimya anapoingia, Jim Donell, mmoja wa wanaume hao, anasogeza kiti karibu naye na kuzungumza kwa upole unaoumiza, na watoto wana wimbo wao kuhusu Connie, Merricat na kikombe cha chai chenye sumu. Nani aliwafundisha watoto wimbo? Wengine walikuwa wachanga siku ya tukio. Wameupata nyumbani, kwa watu wazima.

Lakini chuki haikuanza na sumu, na hapa Jackson ni mwandishi wa jamii, siyo wa vitisho tu. Kulikuwa na njia ya mkato iliyopita kwenye ardhi ya akina Blackwood, watu wa kawaida wakiitumia. Mama mtu hakupenda kuwaona wakipita mbele ya nyumba yake, baba akaweka uzio, na tangu hapo kijiji kizima kinazunguka kwa barabara kuu. Familia ina fedha, ina vyombo vya mababu, ina dharau. Sumu iliwapa watu ruhusa ya kusema kwa sauti kile walichokuwa wakikisema mioyoni tangu uzio ulipowekwa. Ukiishi mji mdogo unalijua hili. Mtu akipatwa na kashfa, nusu ya wanaomsema wanamdai deni la zamani ambalo halina uhusiano wowote na kashfa yenyewe.

Wala tusisome kana kwamba haya ni ya Wamarekani. Kule Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, macho mekundu yakihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali jicho limekuwa jekundu kwa miaka ya moshi wa jikoni. Mara nyingine nyuma ya tuhuma kulikuwa na shamba. Msomaji anayetoka kwetu anaingia kwenye kitabu hiki na elimu ambayo msomaji wa New York pengine hana: anajua kwamba kijiji kinaweza kumhukumu mtu bila kikao, na kwamba wanaorusha mawe wana majina na walikuwa majirani wema jana. Itumie elimu hiyo unaposoma. Ila kumbuka kitu kimoja kigumu. Wanakijiji wa Jackson tunawaona kwa macho ya Merricat peke yake, na Merricat naye anawachukia mno. Akiwa dukani anawaza wote wamelala chini wakilia kwa maumivu wakifa, naye akipita juu ya miili yao kuchukua mahitaji yake. Je, duka lilikuwa kimya kwa chuki, au kwa hofu, au kwa haya ya watu wasiojua waseme nini? Helen Clarke, ambaye hana sababu ya kudanganya, anamsihi Constance arudi duniani, maana kwa maoni yake muda umefika. Huyo ni shahidi wa upande wa pili, na Jackson amemweka pale kwa makusudi. Sina hakika kijiji kina ubaya kiasi kile Merricat anachosema, na sina hakika hakina. Riwaya ikiweza kukuacha hapo bila kukudanganya, imefanya kazi yake.

Utaniuliza kama mwandishi mwenyewe aliishi hivyo. Aliishi karibu na hivyo. Jackson alizaliwa San Francisco mwaka 1916, akahamia North Bennington, mji mdogo wa jimbo la Vermont, pamoja na mumewe Stanley Edgar Hyman aliyefundisha Chuo cha Bennington. Walikuwa watu wa vitabu, mume Myahudi, nyumba imejaa watoto na wageni wa usiku, katikati ya watu waliofahamiana vizazi kwa vizazi. Tarehe 26 Juni 1948 jarida la The New Yorker lilichapa hadithi yake fupi The Lottery, ya kijiji chema chenye desturi moja mbaya. Baadaye alieleza kwamba kiangazi kile alipokea barua zaidi ya 300, na zilizomsema vizuri zilikuwa 13 tu, nyingi za marafiki. Kitabu ulicho nacho kilitoka mwaka 1962 na ndiyo riwaya ya mwisho aliyoikamilisha; alifariki 1965 akiwa na miaka 48. Katika miaka hiyo ya mwisho alipitia kipindi ambacho hofu ilimfanya ashindwe kutoka nje ya nyumba yake. Haya ni vizuri kuyajua, lakini usiyafanye ufunguo. Ukianza kusema Constance ni Jackson, utaacha kumwona Constance.

Umebakiwa na nusu ya pili, ambayo ni ya Charles, na hapa nina ombi. Utamchukia. Kila msomaji humchukia. Anakaa kwenye kiti cha baba, anavaa vitu vya baba, anauliza kuhusu fedha zilizoko kwenye sefu, anamkaripia paka. Lakini kila unapoona hasira zinapanda, funga kitabu kidogo ujiulize amesema nini hasa. Anasema ami Julian anahitaji matunzo bora. Anasema haifai msichana wa miaka 18 kuzurura msituni siku nzima na kuzika fedha ardhini. Anasema Constance angepaswa kuishi kama watu wengine. Katika ukoo wowote wa kwetu, binamu wa kiume akifika kwenye nyumba yenye hali ile angesema hayo hayo, na wazee wangemshukuru. Ndiyo, ana tamaa. Macho yake yako kwenye sefu, na Jackson hamwonei kwa hilo. Lakini ukweli unabaki kwamba mtu pekee anayesema maneno ya akili timamu ndani ya nyumba ile ndiye unayetaka aondoke, na unataka hivyo kwa sababu Merricat anataka. Amekuvuta upande wake bila kukuomba. Umekaa naye kurasa nyingi, umempenda paka Jonas, umezoea ratiba ya siku zake, na sasa unaogopa mabadiliko kama yeye anavyoyaogopa. Hapo ndipo taharuki ilipo. Anayetazamwa sasa ni wewe: utakubali nini ili nyumba ile ibaki kama ilivyo?

Kwa namna ya kusoma, nashauri sura mbili kwa kikao kimoja, usizidishe. Majina ya mimea na vyombo usikimbilie kamusi, pita. Yapo kwa ajili ya kukuonyesha jinsi Constance anavyoishika dunia kwa mikono yake. Mazungumzo yasome kwa sauti, hasa ya Constance, maana ana tabia ya kujibu swali ambalo hakuulizwa na kuliacha lile aliloulizwa. Na uwe na kipande cha karatasi chenye majina ya waliomo, kila mmoja na kile unachoamini anakijua. Majina ya wanaoshukiwa hayahitajiki. Karatasi hiyo utaibadilisha mara kadhaa kabla hujamaliza, na kuna sura, mbele kidogo ya ulipofika, ambapo watu wawili watazungumza maneno machache sana na utalazimika kuifuta karibu yote.

Filamu ipo, ya mwaka 2018, imeongozwa na Stacie Passon. Taissa Farmiga ni Merricat na Alexandra Daddario ni Constance. Ni kazi nzuri, nyumba imepambwa vizuri, na sina ubaya nayo. Lakini usiitangulize. Kamera ikishaingia dukani, inawaonyesha wanaume wale wakitazama kwa chuki, na jambo limeisha: umewaona kwa macho yako, hakuna tena cha kushuku. Kwenye kitabu una neno la Merricat tu, na kila mara unalazimika kuamua umpe imani kiasi gani. Filamu inakuamulia. Kitabu chenyewe ni kifupi, ukishika mwendo huo wa sura mbili mbili hata wiki haifiki, na rafiki yako hatakuwa amekudai bado.